Jozi kumi na sita na nusu: siku sita Leicestershire nikifuata maneno ya babu

Marehemu babu yangu alikuwa sais. Kwa vijana wasiolijua neno hilo, sais ni mtunza farasi, na babu aliwatunza wa mlowezi mmoja upande wa Molo hadi mzungu huyo alipouza shamba akarudi kwao. Hakutuachia hata picha moja. Alituachia mnyororo mfupi wenye kola mbili za ngozi, moja kila ncha, ambao nyanya alifungia mbuzi wakorofi, pamoja na namna ya kuhesabu iliyotuvunja mbavu sisi wajukuu. Jioni kuku wakiwa kumi na watano, babu alitangaza, "Jozi saba na nusu." Tukimuuliza nusu kuku hutembeaje, alijibu kwamba mbwa wa bwana wake walihesabiwa hivyo, na hao walikuwa na akili kutuzidi.

Desemba iliyopita nilikwenda kumtembelea dadangu, muuguzi katika mji wa Leicester. Nilipotazama ramani nikaona kwamba kwake hadi kijiji cha Quorn, ambako klabu maarufu kuliko zote za kuwinda mbweha kwa farasi na mbwa ilipata jina lake, ni mwendo wa basi moja. Haya nimeyaandika nikiwa nyumbani Njoro, kwa msaada wa daftari na picha za simu. Kurasa zilizolowa mvua nimeziruka.

Siku ya 1, 27 Desemba: Nairobi hadi Leicester

Ndege ilitua salama, sanduku langu halikutua. Shirika sitalitaja, ila foleni ya kuandikisha mizigo iliyopotea ilinila saa mbili, na humo sandukuni ndimo nilimoweka viatu vizito na koti la mvua. Niliingia Uingereza na raba nyeupe.

Basi la masafa kutoka Heathrow hadi Leicester lilinigharimu pauni 34 kwa kuwa nilikata tiketi siku hiyo hiyo. Ukikata mapema utapata nafuu kubwa. Viza ya matembezi ya miezi sita nilikuwa nimelipia pauni 127, na pauni moja niliinunua kwa shilingi 175 hivi, kwa hiyo piga hesabu ukiwa umeketi. Njia nzima niliona giza na taa za malori. Dadangu alinipokea na ugali na sukuma wiki, nikalala saa kumi na moja mfululizo.

Siku ya 2, 28 Desemba: Belgrave

Asubuhi nyuzi joto zilikuwa 3. Jirani ya dadangu, bibi mmoja wa Kiingereza anayeishi peke yake, aliziona raba zangu dirishani akaja na gambuti za marehemu mumewe. Zilinizidi kidogo, soksi mbili zikamaliza tatizo. Aliposikia ninataka kuwaona wawindaji alikunja uso, kwa maana hawapendi hata kidogo. Lakini gambuti aliniachia, akasema, "Ukimwona mbweha, mwambie akimbie."

Mchana tulikwenda mtaa wa Belgrave, kwenye barabara iitwayo Melton Road. Ni maduka ya sari, dhahabu na peremende za Kihindi mwanzo mwisho, na katika mgahawa mmoja nikaona kwenye orodha ya vyakula neno "mogo". Ni muhogo! Muhogo wa kukaangwa, kwa pilipili na ndimu. Mzee aliyekuwa kwenye kaunta akatusikia, akauliza kwa Kiswahili safi cha Jinja, "Mmetoka wapi, ndugu zangu?" Yeye ni mmoja wa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90. Halmashauri ya Leicester wakati huo ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije. Wakaja, na leo wenyeji huutembeza mtaa huu kwa wageni kama fahari ya mji. Mzee alikataa pesa ya muhogo. Nilipomweleza safari yangu alinionyesha nje kwa kidole: "Fuata barabara hii hii, usikate kona. Jina lake ni Melton, utafika kwa wenye farasi."

Siku ya 3, 29 Desemba: Quorn

Basi la kuelekea Loughborough. Nauli za mabasi mengi ya Uingereza zimewekewa kikomo cha pauni 3 kwa safari moja, kwa hiyo mwenye subira atazunguka mkoa huu kwa bei ambayo treni haiwezi kumpa. Mimi nilisubiri dakika 50 kituoni kwa kuwa basi la kwanza halikuja, na hakuna aliyeeleza kwa nini.

Quorn ni kijiji cha nyumba za matofali mekundu na mawe ya waridi yanayochimbwa jirani. Zamani kiliitwa Quorndon, maana yake kilima cha mawe ya kusagia. Mwaka 1889 jina likafupishwa kwa sababu barua zilikuwa zikipotelea kijiji kingine chenye jina la karibu katika mkoa wa Derbyshire. Na kama umewahi kula zile nyama bandia za kuvu ziitwazo Quorn, jina lilitoka hapa hapa. Kijiji kilichopata umaarufu kwa kukimbiza mnyama sasa kinauza jina lake kwa wasiokula nyama. Nilicheka peke yangu njiani, mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akanipisha.

Klabu inahesabu umri wake tangu 1696. Mwaka huo kijana wa kikabaila, Thomas Boothby wa Tooley Park, alianza kufuga kundi la mbwa wa kuwinda mbweha, na baragumu lake limeandikwa kwamba aliwinda nalo miaka 55. Aliyebadili mambo, hata hivyo, ni Hugo Meynell. Mwaka 1753, akiwa na miaka 18 tu, alilichukua jumba la Quorn Hall na kundi la mbwa, akawa bwana mkuu wa uwindaji hadi 1800. Jumba lipo hadi leo. Nililitazama nikiwa nje, mvua ikinipiga.

Kabla ya Meynell wawindaji waliondoka alfajiri, wakifuata nyayo polepole, wakimkuta mbweha angali mzito kwa chakula cha usiku. Meynell alitaka mbio. Alizalisha mbwa wenye pua kali na miguu ya kasi, wa kutoka saa tano asubuhi wakati mbweha ameshachangamka. Maili chache tu kutoka hapo, Dishley karibu na Loughborough, aliishi Robert Bakewell, mkulima aliyewashangaza Waingereza kwa kuzalisha kondoo kwa kuchagua madume na majike kwa makusudi, hata wa ukoo mmoja, na Meynell alitumia akili hiyo hiyo kwa mbwa. Sisi wafugaji wa Njoro tunaolipia mbegu ya ng'ombe bora kwa mrija tumo katika mkondo huo huo, ingawa hatuvai koti jekundu.

Ushauri: vaa gambuti. Vijia vya mashambani huku viko wazi kwa kila mtu kisheria, ila Desemba ni tope la kukunyang'anya kiatu. Na ukipita lango lililofungwa, lifunge.

Sanduku likafika usiku, gurudumu moja halipo.

Siku ya 4, 30 Desemba: Melton Mowbray

Treni kutoka Leicester, robo saa hivi. Ni njia ile ile iendayo uwanja wa ndege wa Stansted, kwa hiyo utasimama baina ya masanduku ya watu.

Melton ni mji mdogo, na utajiri wake wa zamani ulitokana na mahali ulipo. Hapa ndipo maeneo ya klabu tatu yanapokutana, yaani Quorn, Cottesmore na Belvoir (andika Belvoir, lakini tamka "Biva", la sivyo watakusahihisha). Tajiri aliyepanga chumba Melton na kuleta farasi kumi aliweza kuwinda siku sita kwa wiki bila kulala kwingine, akiwafuata Quorn Jumatatu na Ijumaa. Nchi yenyewe iliwasaidia. Katika karne ya 18 mashamba ya wazi yalizungushiwa nyua za miti na kugeuzwa malisho, na hivyo yakapatikana majani ya kukimbilia na nyua za kuruka. Wazia kayaba zetu za Njoro zilizofika kifuani, halafu farasi mia wakizijia kwa pamoja.

Makumbusho ya mji, Melton Carnegie, yana sehemu nzima ya uwindaji, na kiingilio sikulipa. Tazama kwanza saa zao, maana wiki ya sikukuu mambo hubadilika. Nilisimama muda mrefu mbele ya makoti. Ni mekundu kabisa, lakini wenyewe huyaita ya waridi. Mbwa nao ni mwiko kuwaita mbwa, wana neno lao. Mimi nilikuwa na shida nyingine ya lugha. Mbweha wao, mwekundu mwenye mkia wa manyoya, siye mbweha ninayemjua mimi, yule wa mgongo mweusi alaye mizoga. Babu alisema waliwinda mbweha, na siku zote nilimwona huyo wetu. Kumbe ndivyo ilivyokuwa hasa. Walowezi hawakumkuta mbweha wa kwao Kenya, wakamkimbiza aliyekuwepo. Karibu na Nairobi Jim Elkington alifuga kundi lililoitwa Masara Hounds, mbwa wa asili ya Uingereza waliofundishwa kufuata harufu nyingine kwenye majani ya Afrika.

Mbio zilizosifiwa kuliko zote ni za Februari 1800, mwisho mwisho wa enzi ya Meynell. Kutoka Billesdon Coplow walikimbia maili 28, karibu kilomita 45, kwa saa mbili na robo. Shairi refu lilitungwa. Jina la sais hata mmoja sikuliona ukutani.

Sais niliwapata kwenye andazi. Melton inajulikana kwa pai ya nyama ya nguruwe, na tangu 2009 jina hilo lina ulinzi wa kisheria: asiye wa eneo hili haruhusiwi kulitumia. Muuzaji alinieleza chanzo chake. Hapa hutengenezwa jibini ya Stilton, maji yanayobaki hulishwa nguruwe, na nguruwe wakawa wengi. Pai ngumu yenye nyama ndani ilikuwa chakula cha watunza farasi, cha kutia mfukoni na kula baridi siku nzima bila sahani, hadi mabwana wakaionja nao wakaitaka. Nililipa pauni nne na senti. Nje ni unga mgumu wa kahawia, kama ukoko, uliotanuka tumboni kwa kuwa huokwa bila chombo. Kisu kikipita unakutana na utando wa mchuzi ulioganda, unaong'aa, kisha nyama ya rangi ya majivu yenye pilipili manga nyingi. Ukoko uliniuma fizi. Niliila nimesimama chini ya kibaraza, mkono mmoja, nikamfikiria babu.

Jioni nilitembea hadi Thorpe End. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1837, kabaila mmoja, Marquess wa Waterford, na wenzake, walevi kutoka kwenye mashindano ya farasi, walikuta rangi nyekundu kwenye nyumba ya ushuru wa barabara iliyokuwa ikikarabatiwa. Waliipaka nyumba, wakampaka mlinzi, wakaendelea mjini hadi sanamu ya bata maji ya baa ya White Swan. Mwaka uliofuata mahakama iliwatoza pauni 100 kila mmoja. Wameltoni wanashikilia kwamba msemo wa Kiingereza wa kupaka mji rangi nyekundu, yaani kuponda raha, ulizaliwa hapo. Mimi nilimfikiria mlinzi wa ushuru.

Siku ya 5, 31 Desemba: Burrough Hill

Mvua, upepo, kilima chenye ngome ya kale ya Enzi ya Chuma. Kutoka juu unaona kwa nini walipapenda: majani hadi upeo, nyua zikiyakata vipande vipande kama kanga zilizoanikwa.

Chini ya hapo, katika kijiji cha Burrough on the Hill, palikuwa na jumba la Burrough Court, lililoungua wakati wa Vita vya Pili. Ndipo Januari 1931 mrithi wa kiti cha Uingereza, Edward, alipokutana na Wallis Simpson katika karamu ya wikendi ya wawindaji. Miaka mitano baadaye akaacha ufalme kwa ajili yake. Edward huyo aliishi misimu kadhaa Melton, na kwetu pia alifika, mwaka 1928 na tena 1930, akiongozwa na mwindaji mlowezi Denys Finch Hatton kuwinda. Safari ya kwanza ilikatizwa akiwa Tanganyika, alipopata telegramu kwamba baba yake mfalme yu hoi. Ukisoma majina ya walowezi wa Nyanda za Juu miaka hiyo na majina ya waliopanda farasi Leicestershire, utaona watu wale wale wakibadilisha kofia.

Basi la kurudi lilikuwa la mwisho, nami nilikimbia kulifuata na gambuti. Dereva aliniona kwenye kioo akasubiri.

Siku ya 6, 1 Januari: Play Close

Angalizo kwa atakayefuata: Mwaka Mpya usitegemee basi wala treni. Mume wa mfanyakazi mwenza wa dadangu, Mzimbabwe, alijitolea kunipeleka kwa gari. Alikataa pesa ya mafuta, akakubali pai mbili.

Bustani ya Play Close iko katikati ya Melton, na kwa desturi Quorn na majirani zake hukutana hapo siku hiyo. Tulikuta mamia ya watu: watoto mabegani, wazee wenye fimbo, na pembeni kundi la wapinzani wenye mabango na kamera. Upinzani wenyewe si wa jana. Chama cha wavurugaji wa uwindaji kilianzishwa 1963. Sheria ya kupiga marufuku kukimbiza mbweha kwa mbwa ilipita 2004, ikaanza kazi tarehe 18 Februari 2005 Uingereza na Wales. Tangu hapo klabu husema zinafuata harufu iliyowekwa, yaani mtu hutangulia akiburuta kitambaa chenye harufu, mbwa wakaifuata. Wapinzani wanasema hicho ni kisingizio tu. Chama cha Labour katika ilani yake ya 2024 kiliahidi kupiga marufuku hata hilo. Kwa hiyo hewa ilikuwa na ubaridi usiotokana na Januari peke yake. Polisi wawili walikunywa chai.

Farasi wakaingia. Manyoya ya shingo yamesukwa vifundo vidogo vidogo, ngozi inatoa mvuke. Trei za glasi ndogo za mvinyo zilipitishwa kwa waliokaa juu, na waliozibeba walitembea kwa miguu kwenye tope. Babu alifanya hivyo, alitusimulia: trei mkono mmoja, hatamu mkono mwingine.

Kisha mbwa. Nilisema kwa sauti, "Mbwa wazuri," na mzee aliyesimama kando yangu, mfanyakazi wa shamba mstaafu aliyevaa koti la nta lililochanika bega, akanirekebisha kwa upole. Hao si mbwa. Na hawana mkia, mkia wao una jina lake. Nikamwambia babu yangu alikuwa sais Kenya. Akanitazama upya, akavua kofia, akanipa mkono, kisha akanifundisha kana kwamba nimechelewa shule. Yule mwenye baragumu ndiye mkuu wa mbwa. Yule wa nyuma mwenye mjeledi mrefu ni wa kuwarudisha wanaotoroka kundi, na bunge lao lilichukua jina lake kwa mbunge wa kuwachunga wenzake. Nikagundua kwamba kiranja wa wengi wa Nairobi, bila kujua, anafanya kazi ya mchunga mbwa.

"Wako wangapi?" nikauliza. Nilikuwa nimejaribu kuhesabu nikashindwa, kwa kuwa hutiririka kama maji baina ya miguu ya farasi.

"Jozi kumi na sita na nusu," akasema.

Nilimwomba arudie. Akarudia, akadhani Kiingereza changu ndicho kibovu. Akaeleza kwamba huhesabiwa wawili wawili wanapopita langoni, na asiye na mwenzake ndiye nusu. Na kwamba mbwa mchanga, kabla hajajua kazi, hufungwa na mzoefu kwa kola mbili na mnyororo mfupi katikati, akaenda anakokwenda mkubwa hadi ashike adabu. Alinipimia kwa viganja urefu wa mnyororo. Ulikuwa ule ule wa mbuzi wa nyanya.

Baragumu likalia, kavu, fupi. Wapinzani wakapiga filimbi, watu wakapiga makofi, vyote kwa pamoja, na ndani ya dakika tano bustani ikabaki matope na samadi. Hatukuwafuata. Mzee aliingia kwenye gari lake kuukuu kuwafuata kwa darubini, akapunga mkono.

Nilimtumia mama ujumbe wa sauti nikiwa bado pale, nikamweleza jozi, nusu na mnyororo. Njoro ilikuwa saa tisa alasiri. Jibu lilifika tukiwa njiani Leicester, na Mzimbabwe akapunguza redio tusikilize. Kwanza kimya, kuku wakisikika nyuma yake. Halafu: "Na huyo nusu, alikuwa wa rangi gani?"

Nilifungua picha nikavuta karibu. Mweupe, sikio moja la hudhurungi.